Athens, Roma au Weimar: mfano upi uupeleke kwenye mdahalo wa kuanguka kwa demokrasia?

Ukitangaza mdahalo wa demokrasia hapa Dodoma, watu wanakuja. Bunge liko hapa, wizara ziko Mtumba, UDOM iko kule mlimani, na katikati ya hapo kuna wastaafu, watumishi waliohamia kutoka Dar na wanafunzi wa vyuo ambao wote wana maoni. Kinachokwamisha ni mada yenyewe. Mtoa mada anasimama na kusema dola zote huinuka na kuanguka, anataja Misri, Babeli, Ugiriki, Roma, Songhai na Uingereza, dakika arobaini zinakwisha, na hakuna hata moja iliyoelezwa ilianguka vipi.

Ushauri wangu kwa anayeandaa ni kuchukua mfano mmoja na kukaa nao. Inayotumika zaidi ni mitatu: Athens ya kale, Jamhuri ya Roma, na Ujerumani ya miaka ya 1919 hadi 1933, ambayo huitwa Jamhuri ya Weimar kwa sababu katiba yake iliandikwa katika mji huo. Yote ni mizuri, ila haifanyi kazi moja.

Kwanza amua: unataka ustaarabu au demokrasia?

Watu huvichanganya hivi viwili, na mdahalo unapotea hapo hapo. Jamhuri ya Roma huhesabiwa kuwa imefika mwisho mwaka 27 KK, Octavian, mrithi wa Caesar aliyebaki na madaraka yote mkononi, alipopewa jina la Augustus. Lakini mipaka ya dola ya Kirumi ilifika mbali kuliko wakati mwingine wowote mwaka 117 BK, chini ya Trajan. Yaani karne moja na zaidi baada ya raia kupoteza sauti yao, barabara zilikuwa zinajengwa, maji yanaletwa mjini kwa mifereji na biashara inachanua. Upande wa magharibi ulianguka mwaka 476, na wa mashariki ukaendelea hadi Constantinople ilipotekwa mwaka 1453.

Athens ilikwenda kinyume chake. Mwaka 404 KK ilishindwa na Sparta katika vita vya miaka 27. Ikapoteza karibu merikebu zake zote za kivita, kuta zake ndefu na himaya yake ya visiwa. Kwa kipimo cha dola, ilikuwa imekwisha. Demokrasia yake ilirudi mwaka uliofuata na kuishi miaka mingine themanini. Na Ujerumani ilipokuwa inaizika jamhuri yake, ilikuwa bado nchi ya wanafizikia Planck na Einstein. Fizikia haikuzuia chochote.

Kama unataka ustaarabu, usihangaike na Ulaya. Chukua Kilwa: Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 na kuusifu uzuri wake, dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwake, kisha Wareno wakaivamia mwaka 1505. Au chukua Mirambo, aliyejenga dola upande wa Unyamwezi kwa vita na kwa kubana njia ya misafara, dola ambayo baada ya kifo chake mwaka 1884 haikuchukua muda kusambaratika. Hapo Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiislamu wa karne ya 14, atakufaa sana. Alisema mshikamano wa kundi ndio unaoleta utawala, na starehe ya utawala ndiyo inayoumaliza mshikamano, akakadiria maisha ya ukoo unaotawala kuwa vizazi vitatu hivi, kama miaka 120. Nadharia hiyo ina mwanga, ila masultani wa Kilwa na Mirambo hawakuingia madarakani kwa kura. Hawawezi kukueleza jinsi watu wanaojitawala wenyewe wanavyofika mahali pa kuacha kujitawala. Kwa swali hilo, turudi kwenye ile mitatu.

Zilivyokufa

Roma ilikufa taratibu mno. Aliyewahi kukaa kwenye tembe la Kigogo ambalo nguzo zake zimeingiliwa na mchwa ataelewa: paa la udongo linakaa pale pale, mtu anapita, anaona nyumba.

Mchwa aliingia mwaka 133 KK. Tiberius Gracchus, tribuni, yaani kiongozi aliyechaguliwa kuwatetea watu wa kawaida, alitaka ardhi ya umma iliyohodhiwa na matajiri igawiwe kwa wasio nayo. Alimng'oa madarakani tribuni mwenzake aliyempinga, jambo ambalo halikuwa na desturi, kisha akagombea muhula wa pili mfululizo, jambo lingine lisilo na desturi. Kundi la maseneta na wafuasi wao likamvamia kwa marungu na vipande vya viti, likamuua yeye na mamia ya watu wake. Ona kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja. Wafuasi wa Tiberius walisema watu wana njaa ya ardhi, na wale wengine wakasema anataka ufalme. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 121, ndugu yake Gaius alipoendeleza kazi hiyo, Seneti ilipitisha azimio la kumruhusu konsuli, mkuu wa serikali wa mwaka huo, afanye lolote la kuiokoa jamhuri. Gaius akafa. Kumuua mpinzani kulikuwa kumeshapata karatasi.

Kuanzia mwaka 107 jemadari Marius akaandikisha jeshini watu wasio na mali, ambao wakimaliza utumishi walimtegemea jemadari wao awatafutie shamba. Mwaka 88 jemadari mwingine, Sulla, akaligeuza jeshi la namna hiyo kuelekea Roma yenyewe, kitu ambacho hakuna jemadari wa Kirumi aliyewahi kukifanya. Baadaye akawa dikteta, akabandika hadharani orodha za watu wa kuuawa na mali zao kutaifishwa, akatunga sheria za kuipa nguvu Seneti, kisha mwaka 79 akastaafu kwa hiari akiamini ameirekebisha nchi. Wenzake hawakushika zile sheria. Walichoshika ni kwamba inawezekana. Caesar alipovuka mto Rubicon na jeshi lake kuelekea Roma mwaka 49 alikuwa anapita njia iliyokwisha kufyekwa. Aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44, na waliomuua walidhani jamhuri itainuka siku hiyo hiyo. Hapakuwa na cha kuinuka. Augustus hakuifuta Seneti wala cheo cha konsuli. Vikao viliendelea, uchaguzi uliendelea, ila uamuzi ulikuwa wake.

Hesabu kutoka 133 hadi 27: miaka 106. Mtoto aliyezaliwa siku Tiberius anauawa asingeuona mwisho, na huenda asingejua kama upo.

Weimar ni kinyume kabisa kwa mwendo. Machi 1930 serikali ya mseto ilivunjika kwa mabishano kuhusu bima ya wasio na ajira. Bunge likawa halina upande wenye wingi, na Rais Hindenburg akaanza kutumia Ibara ya 48 ya katiba kuwaacha makansela, yaani wakuu wa serikali, watawale kwa amri. Ibara hiyo iliwekwa kwa ajili ya dharura, na dharura ikageuka kuwa utaratibu wa kila wiki. Wakati huo huo mdororo wa uchumi ulikuwa unakaza, na mwanzoni mwa 1932 wasio na ajira walifika milioni sita.

Hapa mtoa mada awe makini na jambo moja ambalo wengi hulikosea. Watu husema mfumuko wa bei ndio uliomleta Hitler, wakionyesha picha za watu wanaobeba noti kwa mikokoteni. Picha hizo ni za 1923. Mwaka 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 ya kura tu. Kilipanda hadi 18.3 mwaka 1930 na 37.3 Julai 1932, kisha kikashuka hadi 33.1 Novemba mwaka huo huo. Hakijawahi kupata nusu ya kura katika uchaguzi huru. Kilikuwa kinashuka pale wanasiasa wa kihafidhina waliomzunguka Hindenburg, Papen, kansela wa zamani, akiwa mbele, walipomshawishi amteue Hitler kuwa Kansela tarehe 30 Januari 1933, wakiamini watamdhibiti wakiwa naye ndani ya baraza la mawaziri.

Baada ya hapo ni kalenda tu. Tarehe 27 Februari jengo la Bunge linaungua. Kesho yake amri inasimamisha haki za raia. Tarehe 23 Machi Bunge linapitisha, kwa kura 444 dhidi ya 94, sheria ya kuipa serikali mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge. Wakomunisti walikuwa wamezuiwa kuingia, na waliopiga kura ya hapana ni wabunge wa chama cha Social Democrats (SPD) peke yao. Tarehe 14 Julai vyama vingine vyote vinapigwa marufuku. Miezi mitano na nusu.

Athens ndiyo isiyosimuliwa vizuri, kwa sababu watu huruka kutoka kwa Pericles, kiongozi wake maarufu, moja kwa moja hadi kifo cha mwanafalsafa Socrates. Katikati yake demokrasia ile ilianguka mara mbili na kuinuka mara mbili.

Mara ya kwanza ni mwaka 411 KK. Jeshi kubwa lililopelekwa Sicily lilikuwa limeteketea miaka miwili nyuma, hazina ilikuwa tupu, na kuna watu waliokuwa wakinong'ona kwamba mfalme wa Uajemi angetoa fedha kama Athens ingeacha demokrasia. Baadhi ya viongozi wa wananchi waliuawa na hakuna aliyekamatwa. Kisha mkutano wa raia ukaitishwa Kolonos, nje ya kuta za mji badala ya mahali pake pa kawaida, na raia wenyewe wakapiga kura kukabidhi nchi kwa watu 400. Rudia sentensi hiyo mbele ya ukumbi, maana ndiyo kiini. Wale 400 walidumu kama miezi minne tu. Wanamaji wa Athens waliokuwa kisiwani Samos walikataa kuwatambua.

Mara ya pili ni 404, baada ya kushindwa vita. Sparta iliwasaidia watu thelathini kushika mji, nao wakaua takriban watu 1,500 katika miezi michache. Jemadari Thrasybulus alikimbilia uhamishoni, akarudi na wenzake kama sabini, wakaishika ngome ya Phyle, wakashuka hadi bandari ya Piraeus, na mwaka 403 demokrasia ikarejea.

Sasa sikiliza walichofanya wakiwa na ushindi mkononi. Waliapa kutokumbushana maovu yaliyopita, na mahakama zikakataza kesi za kulipiza kisasi kwa mambo ya wakati ule. Wakaandika upya sheria zao, na wakaweka kwamba azimio la mkutano wa siku moja haliwezi kuishinda sheria. Walikuwa na sababu ya kuliogopa azimio la siku moja. Mwaka 406, baada ya kushinda vita vya baharini Arginusae, majemadari walishtakiwa kwa kutowaokoa mabaharia waliokuwa wanazama kwenye dhoruba. Sheria ilitaka kila mtu ahukumiwe kwa kesi yake. Umati ukapiga kelele kwamba haiwezekani wananchi wazuiwe kufanya wanachotaka, wakawahukumu kwa pamoja, na sita wakauawa kabla hasira haijapoa. Majuto yalikuja baadaye.

Demokrasia hiyo iliyotengenezwa upya haikufa kwa mkono wa raia wake. Ilizimwa mwaka 322 na jeshi la Makedonia, Antipater alipoweka kiwango cha mali ambacho maelfu ya raia maskini hawakukifikia.

Ukumbi wako unajua nini tayari?

Kwa upande huu Roma iko mbele mbali. Mkristo yeyote amesikia kila Krismasi kwamba amri ilitoka kwa Kaisari Augusto ili watu wote waandikwe, na ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba huyo ndiye aliyeizika jamhuri. Mwislamu anaijua sura ya 30 ya Qurani, Ar-Rum, ambayo Warumi wake ni wale wa mashariki, karne sita baada ya Augustus. Na kizazi cha wastaafu kimesoma mchezo wa Shakespeare kuhusu Caesar katika Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyeutafsiri mwaka 1963. Ukianzia hapo, hakuna anayesinzia.

Lakini kujulikana kuna gharama yake. Ukumbi unaomjua Caesar unataka kuzungumza juu ya Caesar: alikuwa mkubwa, alisalitiwa, Brutus alikuwa sahihi au la. Utatumia nusu saa kuwarudisha mwaka 133, na wazee watakuvuta tena Machi 44. Kama mwenyekiti wako ni mpole, Roma itakushinda.

Athens wanaijua kwa Paulo pale Areopago, na kwa ile sentensi ya darasani kwamba demokrasia ilianzia Ugiriki. Si haba. Weimar haijulikani kwa jina, ila kila mtu anamjua Hitler.

Mfano utakavyokuharibikia

Weimar huharibika haraka kuliko yote. Dakika ya kumi kuna mtu atamwita mtu fulani Hitler, mwingine atajibu, na kutoka hapo ni matusi mpaka chai. Kwa wanafunzi wa sheria au sayansi ya siasa inafaa sana, kwa sababu wao watauliza swali lenye faida: kwa nini katiba ya Ujerumani Magharibi ya 1949 ilizuia Bunge kumwondoa Kansela kabla halijakubaliana juu ya mrithi wake, na kwa nini baadhi ya misingi yake haiwezi kubadilishwa hata kwa theluthi mbili? Majibu yote yako ndani ya miaka ile mitatu ya mwisho. Kwa hadhira mchanganyiko, mimi nisingeithubutu jioni.

Athens huharibika kwa swali moja, nalo litakuja, mara nyingi kutoka kwa mwanamke aliyekaa nyuma: wanawake walikuwa wapi? Na watumwa? Na wageni waliozaliwa pale pale wakaitwa wageni mpaka kufa? Karne ya 4 KK raia wanaume walikuwa kama 30,000 tu, na wengine wote hawakupiga kura. Usijitetee. Kubali kwamba ilikuwa demokrasia ya wachache ndani ya jamii ya watumwa, kisha uulize kwa nini hata hao wachache walikubali Kolonos kuinua mikono.

Faida yake nyingine ni kwamba inakutana na historia yetu bila kulazimisha. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikusanya maoni ya wananchi, na takriban asilimia 80 walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikarudishwa. Weka jambo hilo kando ya kesi ya Arginusae, ambako wengi walipata walichotaka, na uulize ukumbi wingi una haki gani na mipaka gani. Watumishi wa umma na wanafunzi hawatakubaliana, na watabishana kwa hoja.

Muda na maandalizi

Roma inahitaji vikao vitatu au vinne. Anayejaribu kuimaliza jioni moja huishia kutaja majina. Weimar inaingia kwenye saa mbili. Athens pia inaingia, ukianzia 411 na kuishia 403. Vitabu vya Kiswahili juu ya yote matatu ni vichache, kwa hiyo mtoa mada aandae karatasi moja ya tarehe na kuigawa mlangoni. Na kama unapanga kati ya Aprili na Juni, wakati wa Bunge la bajeti, wahi ukumbi mapema, maana mji hujaa na bei hupanda.

Ningechukua upi?

Kwa kikundi kinachokutana kila wiki na kina watu wanaopenda kusoma, Roma. Hakuna mfano mwingine unaoonyesha hivyo jinsi kila hatua inavyoweza kuwa na sababu nzuri siku ilipochukuliwa. Kwa darasa la sheria, Weimar.

Kwa mdahalo wa wazi wa jioni moja, ambao ndio wengi wanaouliza, ningechukua Athens bila kusita. Ukumbi wa hapa huingia na methali kichwani kwamba hakuna lenye mwanzo lisilo na mwisho, na Roma na Weimar zote mbili huithibitisha, kwa hiyo watu hutoka wakitikisa vichwa na kwenda kula. Athens inawanyima raha hiyo, kwa kuwa watu walewale walioiua demokrasia yao walikaa chini wakaitengeneza, wakiwa maskini zaidi na bila himaya.

Anza na kikao cha Kolonos. Mwenyekiti achaguliwe hapo hapo kwa bahati nasibu, vikaratasi ndani ya kofia, kama Waathene walivyowapata wengi wa viongozi wao, na ukumbi uone wenyewe unavyojisikia kuongozwa na mtu ambaye hakuna aliyempigia debe. Pita Arginusae, pita Phyle, kisha simama kwenye kiapo cha 403 na masharti yake. Msamaha ule haukuwagusa wale Thelathini na maofisa wao wa karibu. Hao nao waliachiwa mlango mmoja: yeyote kati yao aliyekubali kusimama mbele ya raia na kutoa hesabu ya aliyoyafanya madarakani, na akapita, angeweza kubaki mjini.

Waulize kama wangeuacha mlango huo wazi, na kwa nani. Tenga nusu saa nzima kwa swali hilo peke yake, na mwenyekiti asiruhusu mtu yeyote ataje chama.